Mtandao unaomdhuru mtoto nao uwajibike

Msomaji, ukiuziwa nyama mbovu sokoni Voi na mwanao akaugua tumbo, afisa wa afya hatakuuliza kwa nini hukumchunga mtoto. Atakwenda kwa mwenye bucha. Lakini mtoto huyo huyo akidhuriwa kupitia simu ya mkononi, lawama zote humwangukia mzazi. Mwenye mtandao, ambaye amekwisha kupata faida yake, haulizwi kitu.

Madhara hayo ni ya kiafya. Mtoto aliyetishwa na mtu mzima mtandaoni ili atume picha za utupu hukosa usingizi, hukataa chakula, hushtuka simu inapolia na hulalamikia kichwa na tumbo bila ugonjwa kuonekana. Wengine hufikia kutaka kujiua. Tusidhani hayo ni ya Nairobi na Mombasa pekee. Simu zimefika Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta mpakani, na wako watoto wanaolelewa na nyanya zao huku wazazi wakitafuta riziki mbali. Je, nyanya huyo apambane peke yake na kampuni ya ng'ambo?

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, kifungu cha 24, humtoza anayesambaza au kuhifadhi picha chafu za watoto faini isiyozidi shilingi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 25, au yote mawili. Ni vyema. Lakini kifungu cha 56 kinamkinga mwenye mtandao, isipokuwa ithibitishwe kwamba alikuwa na habari au alikusudia ubaya. Kutochukua hatua tu hakutoshi kumtia hatiani. Hapo ndipo penye ufa.

Mnamo Aprili 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa miongozo ya kuwalinda watoto mtandaoni, lakini miongozo si sheria iliyopitishwa na Bunge. Mwezi huo huo Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kuwa kampuni ya Meta inaweza kushtakiwa nchini katika kesi ya machapisho ya chuki yaliyohusu vita vya Ethiopia. Kwa hivyo umbali si kisingizio tena. Nchini Australia, tangu Desemba 10, 2025, mtandao usiochukua hatua za kuzuia walio chini ya miaka 16 kufungua akaunti unaweza kutozwa faini; mtoto na mzazi hawaadhibiwi.

Maoni yangu ni kwamba Bunge libadilishe kifungu cha 56. Mtoto akidhurika, kampuni ndiyo ithibitishe ilifanya nini kumlinda.

Wakati tukingoja, ewe mzazi, usimpige mtoto anapokueleza; akipigwa atanyamaza siku nyingine. Toa ripoti kwa mtandao wenyewe, kisha uandike tarehe, saa na jina la akaunti. Ukifanya hivyo, kampuni haitaweza kudai kwamba haikujua. Usimtumie mtu yeyote picha ya mtoto, hata kwa nia njema, kwani hilo ni kosa. Peleka simu kituo cha polisi, na mtoto umfikishe hospitalini. Namba 116 hupigwa bila malipo.

Bucha chafu hufungwa. Mtandao mchafu nao ujibu mahakamani.