Maneno ya Mgonjwa na Majibu ya Mganga

Ndugu zetu wa idara ya tiba hapa Lushoto wazijua dawa. Je, maneno ya wagonjwa wayajua? Mama apandaye kutoka Mombo na mtoto mgongoni asema, "Ana degedege." Mganga, ambaye kwake degedege mara nyingi ni malaria iliyokwisha kuwa kali, aamuru sindano, wala haongezi neno. Kumbe kwa mama huyo huenda hayo ni maradhi mawili mbalimbali. Wataalamu waliochunguza jambo hili wilayani Bagamoyo walitangaza mwaka 1996 kwamba wazazi wengi waliitenga degedege na homa, tena wako walioogopa kuwa sindano itamwua mtoto. Hofu ya namna hiyo, ikiwa ipo na huku milimani, haiondolewi kwa kukemewa. Mama hunyamaza, akaenda zake na mtoto.

Tena Bwana Steven Feierman, Mmarekani aliyeandika historia ya ufalme wa Washambaa (1974), alionyesha katika maandiko yake ya mwaka 1979 kwamba mgonjwa haamui peke yake. Jamaa ndio washaurianao atibiwe wapi. Yule mjomba afukuzwaye mlangoni pengine ndiye aliyepasa kuelezwa!

Twaomba basi kila zahanati iweke daftari kwa mwezi mmoja: mgonjwa alisema nini, kwa Kishambaa au kwa Kiswahili, alijibiwa nini, na alipotoka alikuwa ameelewa nini. Majina yasiandikwe, wala daftari lisitumiwe kumshtaki mtumishi yeyote, maana hapo hakuna atakayeandika kweli.