Tia Mkono Ndani ya Rundo



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), twaendelea na mazungumzo yetu ya malezi.

Mwezi uliopita tulialikwa Kiserian, chini ya vilima vya Ngong, kutoa darsa kwa jamaa zetu wa pwani waliohamia Kajiado kwa ajili ya kazi. Baada ya sala ya Alasiri mama mmoja alitusimamisha. Mwanawe wa miaka 11 alimwomba mchezo wa video. Mama akasoma maoni mtandaoni, akaona wengi wameusifu. Kijana naye akamwonyesha video ya mchezo huo ukichezwa: farasi, milima na mito. Akaridhika, akanunua. Wiki ya pili akaingia chumbani ghafula, akakuta mambo ambayo haya yatuzuia kuyaandika. "Sheikh," akauliza, "ni nani aliyenidanganya? Walioandika, video, au mwanangu?"

Kabla ya kumjibu, ilitupasa kukiri kosa letu. Mwaka jana tuliukemea mchezo fulani mbele ya watu kwa sababu ya ujumbe tulioletewa kwa simu. Mwanafunzi mmoja akatuuliza kwa adabu, "Sheikh, umeuona?" Hatukuwa tumeuona. Mama aliruhusu kwa habari, nasi tulikataza kwa habari. Sote tuliiacha amri ya aya ya 6 ya Suratul Hujurat, ya kuhakikisha habari kabla ya kuifanyia kazi.

Tuanze na walioandika. Elimu ya hadithi yatufundisha kuuliza kwanza: msimulizi ni nani? Anayeusifu mchezo huenda akapima uzuri wa picha na utamu wa kucheza, asipime haya wala umri wa mtoto wako. Akisema "mzuri", hasemi uongo. Ajibu suali ambalo mama hakuuliza.

Je, video? Mwaka 2016 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza maafikiano na kampuni ya Warner Bros. kuhusu mchezo wa Middle-earth: Shadow of Mordor, uliotoka mwaka 2014. Tume ilidai kwamba watu mashuhuri wa mtandaoni walilipwa maelfu ya dola wauonyeshe mchezo huo kwa sifa na wasitaje kasoro zake, na watazamaji hawakuelezwa wazi kuwa wamelipwa. Basi hata shahidi wa macho aweza kuwa ameajiriwa.

Na alama ya umri iliyo kwenye kasha? Ni msaada mkubwa: mchezo ulioandikwa 18 haufai kwa mtoto wa miaka 11, na hapo hapana haja ya uchunguzi zaidi. Lakini alama ndogo si dhamana. ESRB, bodi ya Marekani inayopanga alama hizo, hutegemea maelezo na video ambazo watengenezaji wenyewe huipelekea. Mwaka 2005 yaligunduliwa ndani ya Grand Theft Auto: San Andreas mambo ya faragha yaliyofichwa ambayo bodi haikuonyeshwa, ikalazimika kuupandisha mchezo hadi daraja ya watu wazima pekee.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamekubali mnunuzi aone sehemu ya bidhaa, maadamu sehemu hiyo yafahamisha iliyobaki, kama vile juu ya rundo la nafaka. Mchezo wa video hauko hivyo. Saa ya kwanza ni farasi, saa ya ishirini ni jambo jingine. Na ule wa mtandaoni hubadilika kwa kila mgeni anayeingia kuzungumza na mtoto. Tena, hata nafaka yenyewe, Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni alitia mkono ndani ya rundo, vidole vyake vikakuta majimaji.

Basi enyi mama zetu na dada zetu, someni maoni ya wazazi, hasa malalamiko yao. Tafuteni video ya mchezaji anayecheza hadi mwisho, msitosheke na tangazo la kampuni. Kisha wekeni chombo ukumbini, mkae na mtoto anapocheza. Huko ndiko kutia mkono.

Ama kuhusu mwanawe, tulimwambia mama amuulize kabla ya kumhukumu. Baada ya siku mbili alitupigia simu. Kijana hakuwa akijua alipoonyesha ile video. Alikutana na mambo yale baadaye, akaogopa kusema, asije akanyang'anywa mchezo na kuitwa mwovu.

Maneno hayo yalitukalia moyoni. Majimaji yalionwa kwanza na mkono wa mtoto, nao ulinyamaza kwa hofu. Mtoto anayeweza kuja kutwambia "Mama, humu mna jambo baya" ni shahidi bora kuliko wasifu wote wa mtandaoni. Tusimfunge mdomo.

Wabillahi tawfiq.