Sauti nayo ivuke mpaka mara moja

Kati ya sitini na tisini kuna shilingi thelathini. Kwa mwenye kilo 800 za vitunguu, thelathini hiyo ni shilingi 24,000 za Kenya. Nazijua kwa sababu nilizipoteza.

Nilikuwa Mbale, nikisikiliza kipindi cha wafanyabiashara redioni. Mgeni alikuwa Busia upande wa Kenya, akizungumza kwa Zoom. Akataja bei ya kilo ya vitunguu. Mimi nilisikia tisini, na wenzangu wawili sokoni walisikia hivyo hivyo. Tukanunua, tukapakia, tukaondoka. Busia tulikuta sitini. Mgeni yule tulipomuuliza, aliapa kwamba sitini ndiyo aliyoitaja. Namwamini.

Baadaye nilijua kilichotokea. Studioni kompyuta iliwekwa mezani, na maiki ikasogezwa mbele ya spika yake ndogo. Feni ilikuwa inavuma, na jenereta inanguruma nje. Neno la mgeni lilitoka kwenye kompyuta, likapita katika kelele zote hizo, ndipo likaingia kwenye maiki kwenda hewani. Sitini ikafika ikiwa tisini.

Sisi wa mipakani tunaujua ugonjwa huu. Zamani lori lilikaguliwa upande wa Uganda, kisha likasimama tena kukaguliwa upande wa Kenya, na kila kusimama kulikuwa na hasara yake. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kililenga kuondoa usumbufu huo: unasimama mara moja, upande unaoingia. Kwa nini basi sauti itoke nje ya kompyuta na kuingia tena, wakati safari yake yote ingeweza kuishia humo humo ndani?

Inawezekana, na nimeona kwa macho yangu Jinja. Kijana wa studio moja ndogo alinionyesha kitu anachokiita waya pepe. Si waya wa kushikika. Ni programu ambayo kompyuta huiona kama kifaa cha sauti: upande mmoja ni spika, upande wa pili ni maiki. Kinachomiminwa upande wa spika hutokea upande wa maiki, bila kupita hewani. "Mzee," aliniambia, "hapa feni haina pa kuingilia."

Kwenye Windows yeye hutumia VB-CABLE, ambayo hupakuliwa bila malipo na watengenezaji wake huomba mchango tu. Wenye Mac wana BlackHole. Kompyuta nyingi za Linux za siku hizi huja na PipeWire, ambayo nayo hufanya kazi hiyo. Mpangilio ni mfupi: katika Zoom, mahali pa kuchagua spika, unachagua "CABLE Input", katika programu ya kurushia matangazo, mahali pa kuchagua maiki, unachagua "CABLE Output". Basi, mgeni wa Busia anaingia hewani moja kwa moja.

Yapo mambo mawili yanayowakwaza wanaoanza. La kwanza, spika za kompyuta hunyamaza, na mtu hudhani ameiharibu. Hajaiharibu, sauti imeelekezwa kwingine, na inabidi aiagize kompyuta impelekee na yeye nakala kwenye hedifoni. La pili, mgeni apelekewe sauti zote za studio isipokuwa yake mwenyewe. Akirudishiwa yake, atajisikia kwa kuchelewa na atakwama katikati ya bei. Kwa hiyo njia ya kwenda kwa mgeni iwe tofauti na njia ya kutoka kwake.

Wako watakaosema shida yetu ni umeme na mtandao. Ni kweli, waya pepe hautibu mtandao dhaifu. Lakini siku mtandao ukiwa mzuri, hatuna sababu ya kuuharibu sisi wenyewe mezani.

Tena kwetu jambo hili ni zito zaidi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na vipindi vya biashara vya Kiswahili tunavihitaji. Ila wengi wetu hapa Mbale na Jinja, Kiswahili ni lugha ya pili au ya tatu, baada ya Kimasaba, Kisoga au Kiganda. Aliyezaliwa na lugha hukisia neno lililomezwa akapata. Sisi tukikisia, tunakosa. Na kinachosemwa si hadithi: ni bei, ni ushuru, ni kwamba Mfumo Rahisi wa Biashara unahusu mzigo usiozidi dola 2,000. Ukisikia namba nyingine, utaijutia mpakani.

Vyama vyetu hulipia saa za redio. Anayelipa ana haki ya kuweka masharti, nami napendekeza matatu. Studio ipokee wageni wa mbali kwa waya pepe, si kwa maiki mbele ya spika. Dakika kumi kabla ya kipindi, mgeni asome namba kadhaa, na mtu aliye nje ya studio, mwenye redio ya kawaida, aseme alichosikia. Na kila bei itajwe mara mbili, mara ya pili tarakimu kwa tarakimu: sitini, sita sifuri.

Masharti haya hayahitaji mashine mpya wala mfadhili. Yanahitaji nusu saa ya kijana anayejua kompyuta. Mimi nusu saa hiyo nimeilipia tayari, kwa shilingi 24,000.