Saa Haiendi kwa Jina

Imezuka tabia moja miongoni mwa wakusanyaji wa saa za mkono za kale, nasi twaona haifai kunyamaziwa. Mtu akipata saa ya zamani, kwanza hutazama jina lililoandikwa usoni. Likiwa jina kubwa, huisifu. Likiwa jina asilolijua, huitupa kando, au huifungua akazitoa chuma zake ili atengenezee ile yenye jina. Kasha likiwa la dhahabu, hulipeleka kuyeyushwa, na mtambo uliokwenda miaka 60 au 70 huachwa koponi kama kokwa za matunda. Kazi hiyo wenyewe huiita ukusanyaji. Sisi twaiita uharibifu, na hoja zetu ni hizi.

Kwanza, na tuijue asili ya saa hizo. Wengi hudhani ya kwamba kila jina lilikuwa na kiwanda chake, kilichofua kila gurudumu na kila parafujo. Sivyo. Katika nchi ya Uswisi kazi hii iligawanywa tangu zamani. Viwanda vya namna moja vilifanya mitambo mitupu, isiyo na uso wala kasha. Watu wengine waliinunua, wakaimaliza, wakaitia katika kasha, wakaandika jina lao. A. Schild wa Grenchen na kiwanda cha Fontainemelon walikuwa katika wakubwa wa kazi hiyo, nao waliungana na A. Michel mwaka wa 1926 katika shirika lililoitwa Ébauches SA. Kwa hiyo saa nyingi zenye majina mbalimbali zina mtambo wa namna moja ndani. Adharauye jina na kumsifu jirani yake, mara nyingi hudharau na kusifu kitu kilekile.

Mathalani, tutazame mtambo uitwao Valjoux 72, wenye kupimia mbio kwa vishale vyake vidogo, uliofanywa tangu mwaka wa 1938. Rolex waliutumia mtambo wa jamii hiyo katika saa yao ya Daytona hata mwaka wa 1988. Mwezi wa Oktoba 2017, huko New York, Daytona iliyokuwa ya mchezaji wa sinema Paul Newman iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 17,700,000. Lakini mtambo wa asili hiyohiyo ulitiwa pia katika saa za Wakmann, za Gigandet, na za wengine ambao leo hawatajwi ila na wachache. Hatusemi ya kwamba zote zilisuguliwa kwa uangalifu mmoja. Rolex waliutengeneza kwa namna yao. Twasema tu ya kwamba moyo ulitoka mahali pamoja, na ya kwamba aliyelipa fedha zile alinunua kumbukumbu ya mtu, wala hakununua saa iliyo bora kuliko nyingine kwa kadiri ya bei ile. Na sasa, kwa ajili ya kuziponya zile za sifa, hizi zisizo na sifa hufumuliwa. Je, hiyo ni haki?

Tena kuna jambo la kuchekesha. Katika Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza iliwaagiza watengenezaji 12 saa za askari kwa sharti moja: uso mweusi, mtambo wenye vito 15, kasha lisilopenya maji. Zilipokewa mwaka wa 1945. Walikuwamo Omega na Longines, na pamoja nao Timor, Vertex, Record na Grana. Leo ni nani kijijini au mjini alijuaye jina la Grana? Walakini kwa kuwa hiyo ndiyo isadikiwayo kuwa chache kuliko zote 12, wakusanyaji huigombania kuliko Omega. Walewale waliocheka majina yaliyosahauliwa sasa wanayapigania. Je, saa ilibadilika? La, bei ndiyo iliyobadilika. Basi twajua ya kwamba watu hawa hawakuipenda saa, wala jina pia. Walipenda bei tu.

Watatujibu, “Lakini nyingi za saa hizo ni duni.” Kweli, ziko zilizofanywa kwa bei rahisi, zenye vijiti vya chuma mahali ambapo saa za ghali zina vito vyekundu. Lakini nani aliyewafundisha ya kwamba rahisi ni sawa na bure? Georges Frédéric Roskopf, aliyefanya kazi La Chaux-de-Fonds, aliitoa saa yake ya mfukoni mwaka wa 1867 kwa faranga 20, akapunguza idadi ya vyombo vya ndani kwa makusudi, ili mfanyakazi wa mshahara mdogo naye aweze kujua saa. Saa za mkono za rahisi zilizofuata zilishika njia yake. Kumfikiri maskini na kumfanyia chombo kiendacho vema kwa fedha chache ni kazi ya akili nyingi. Wahenga wamesema, usione vyaelea, vimeundwa.

Watatujibu tena, “Vipuri vyake havipatikani.” Hili nalo ni neno la mtu asiyefungua saa. Fundi hatafuti vipuri kwa jina la usoni. Huufungua mgongo, akatazama karibu na gurudumu lile dogo liendalo huku na huku, au chini ya uso wa saa, na mara nyingi hukuta alama ya mfanya mtambo na namba yake. Kwa namba hiyo huitafuta kamani au ekseli ifaayo. Kwa kuwa mtambo mmoja ulitumiwa na wengi, huenda saa isiyo na sifa ikawa rahisi kutengeneza kuliko ile ya fahari.

Lakini hoja yetu kubwa ni hii. Tarehe 25 Desemba 1969 Seiko wa Japani waliuza saa ya mkono ya kwanza iliyoongozwa na jiwe la kwatzi na betri. Watu waliofanya kazi ya saa katika Uswisi walikuwa kama 90,000 mwaka wa 1970. Katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wamebaki kama 30,000. Majina mengi madogo yalikufa katika miaka hiyo, na mengine hayakuacha hata daftari. Habari zao ziko katika saa zenyewe tu. Basi avunjaye saa ya namna hiyo achoma kitabu ambacho huenda hakuna nakala yake ya pili.

Wako na wengine ambao huufuta uso wa kale, wakaupaka rangi mpya na kuandika jina kubwa lisilo lake. Huo ni uongo mtupu, tena una hatari. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani. Mng'ao hufa, bali sumu hubaki, maana nusu ya radiamu huhitaji miaka 1,600 hivi kuisha. Akwanguaye rangi ile huivuta vumbi yake kifuani mwake.

Basi, ndugu msomaji, ukikuta saa ya kale katika sanduku la marehemu babu, usiulize kwanza yauzwa kiasi gani. Usiilazimishe kwenda kabla haijasafishwa na kutiwa mafuta. Mpelekee fundi mwaminifu, mwambie asibadili uso wake. Kisha andika katika daftari jina lililo usoni, namba iliyo ndani, mahali ilikotoka, na mtu aliyeivaa. Kazi hiyo haigharimu ila wino. Nayo saa, ikitiwa ufunguo asubuhi, itakwenda bila kujali kama watu wanalijua jina lake.