Tairi Hewani Siyo Sifa: Staa, VX na Fundi wa Nyegina Aliyebebeshwa Msala

Video ya kwanza kila mtu kaiona. VX ya zamani imepandishwa kwenye jiwe kubwa kule Nyegina, nje kidogo ya Musoma mjini, tairi moja la mbele liko hewani, na kaka wa Bongo Fleva amesimama kwenye bampa miwani usoni. Likes kama mvua. Siku mbili baadaye ikaja ya pili: gari lilelile limepaki pembeni ya lami njia ya Bunda, mafuta ya breki yanachuruzika, pedali imezama, na staa yuko live anawaponda "mafundi wa mkoani".

Jina hakutaja. Ila picha ya gereji aliiposti mwenyewe wiki iliyotangulia, kwa hiyo Nyegina nzima inajua nani anasemwa. Mafans wamemvamia kijana wa watu, na wateja wameanza kumpita kama hawamwoni. Hapo ndipo hii ishu inaacha kuwa kiki.

Kwanza hiyo picha yenyewe. Watu wa njia mbovu wana kipimo cha gari kunyumbuka. Tairi moja la mbele linapandishwa taratibu kwenye rampu yenye mwinuko wa nyuzi 20, mengine matatu yanabaki chini. Moja kati ya hayo likianza tu kuacha ardhi, mtihani umeisha. Umbali uliopandwa unagawanywa kwa umbali wa kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, halafu unazidishwa kwa 1000. VX ile ya miaka ya 90 ina milimita 2850 kati ya ekseli, kwa hiyo ikipanda milimita 1425 imepata 500. Yaani tairi likienda hewani ndo mwisho wa maksi. Halishiki kitu pale, linazunguka tu. Alichoposti braza kama ushindi ni picha ya gari lililoishiwa.

Na liliishiwa kwa sababu inayojulikana. Alitaka urefu, akapewa urefu: springi ngumu za kubebea mzigo, gari likapanda inchi 2. Mtaani watu wanachanganya sana kunyanyua gari na kulifanya linyumbuke. Springi ngumu inalisimamisha juu vizuri kwa ajili ya picha, lakini tairi likikuta shimo halishuki kulifuata.

Halafu kuna umbo la gari lenyewe. Mbele ya VX hiyo, iliyoanza kutoka 1990, kuna ekseli moja nzima, springi za koili, na mikono miwili ya chuma. Kila mkono unaishika ekseli kwa bushi mbili. Upande mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, ekseli inataka kujipinda na bushi zinakataa. Ndiyo maana mbele huwa kugumu kuliko nyuma. Suzuki Jimny na Defender za zamani zina ugonjwa huohuo. (VX iliyofuata, ya 1998, mbele kila tairi linajitegemea. Hiyo ni hadithi nyingine na bajeti nyingine.)

Dawa ipo, na fundi yule anaijua. Springi laini zaidi na ndefu. Shokapu ndefu zinazoendana nazo. Bushi za kurudisha pembe ya stelingi, maana gari likishanyanyuliwa linaanza kuyumbayumba kwenye lami. Raba za kuzuia ekseli isipande mpaka tairi likagonga madigadi. Ila cha kwanza kabisa ni mipira ya breki mirefu. Ukiliruhusu tairi lishuke kuliko zamani, mpira wa kiwandani unavutwa, unaumia, na siyo lazima ukatike hapohapo. Unaweza kuvutwa Jumamosi kwenye jiwe ukaachia Jumatatu mtu anapokanyaga breki kwa nguvu.

Vijana wa pale gereji wanasimulia kitu kimoja. Fundi alimwambia, "Kaka, mipira ya breki kwanza. Hizo taa za juu utaweka hata mwezi ujao." Kaka akachagua taa. Akataka na stabilaiza ifunguliwe, ile nondo inayounganisha tairi la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona. Kuifungua ukiwa kwenye mawe ni sahihi, tairi zinapata uhuru. Fundi akasisitiza irudishwe kabla ya kuingia lami. Haikurudishwa. Ilitupwa kwenye buti, na safari ya Bunda ikaanza.

Ukiitazama tena ile live, nyuma ya staa anaonekana mama mtu mzima amekaa siti ya nyuma, amefunga kitenge, anashika kichwa. Kwenye comments hakuna aliyemuuliza huyo mama anaendeleaje.

Kuna wanaosema fundi angegoma kulitoa gari. Wana hoja. Angalau angeandika kwenye risiti kwamba mteja amekataa mipira. Lakini kijana mwenye gereji ya mabati atamzuiaje staa mwenye wafuasi laki kadhaa na kamera tatu?

Kama ni ujanja wa porini, jirani zetu Kenya wana Rhino Charge tangu 1989, na pesa zake zilisaidia kuzungushia uzio msitu wa Aberdare. Vituo 13, saa 10, na anayevimaliza kwa umbali mfupi zaidi ndiye mshindi. Tairi hewani haina maksi hata moja.

Braza anadaiwa video ya tatu, ikipigwa palepale Nyegina, fundi akiwa pembeni yake, aseme aliambiwa nini na akachagua nini. Na gari lisitoke tena kabla mipira haijafungwa na stabilaiza haijarudi mahali pake.