JUA LETU, URASIMU WAO!

UKIMUULIZA kigogo yeyote nani aliyeleta sola Afrika Mashariki, atakutajia mradi, mfadhili na waziri aliyekata utepe. Ndugu msomaji, hizo ni porojo. Sola ililetwa na walimu, mafundi vijana na wakulima wenye hela za mavuno. Wakubwa wetu waliamka mwisho, na sisi wa Ushetu tukailipia ile usingizi yao.

Mwaka 1954 wataalamu wa maabara ya Bell, Marekani, walitengeneza seli ya silikoni iliyogeuza asilimia 6 ya nguvu ya jua kuwa umeme. Bei yake haikushikika, kwa hiyo wateja wakawa watu wa anga: setilaiti ya Vanguard 1 ilirushwa 1958 ikiwa na seli hizo. Ilipofika 1973, Elliot Berman, kwa fedha za kampuni ya Exxon (naam, wauza mafuta!), aliteremsha bei kutoka kama dola 100 kwa wati moja hadi kama dola 20.

Sasa twende Meru, Kenya, 1984. Sekondari ya harambee ya Karamugi ilikuwa inataka kununua jenereta. Mark Hankins, kijana wa Kimarekani aliyekuwa akifundisha pale kwa kujitolea, akawaambia wasubiri. Akaletwa injinia Harold Burris, Mmarekani mwenzake, paneli zikafungwa, taa zikawaka madarasani. Lakini taa si hoja yangu. Hoja ni kwamba Burris alifundisha vijana wa maeneo yale kufunga na kutengeneza. Wale vijana wakatoka shuleni wakaingia vijijini, wakawafungia wakulima wa kahawa na chai. Wengi wa wateja hao, tusidanganyane, walitaka televisheni kwanza, taa ya kusomea baadaye. Mwaka 1986 Kenya ikaondoa ushuru kwenye paneli. Serikali ya Moi haikufanya muujiza hapo, iliondoa mkono wake tu njiani, na katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya nyumba za Kenya yakawa na sola bila kungoja nguzo.

Kwetu je? Walioanza kusomesha mafundi walikuwa wananchi wa Karagwe kupitia chama chao cha KARADEA, 1993. Na vigogo? Nchi ikiwa gizani kwa mgao, mwaka 1995 walitia saini mkataba wa IPTL: megawati 100 za mafuta pale Tegeta, mtambo ambao haukuwasha hata balbu moja mpaka 2002. Mwaka 2014 mkataba huohuo ukazaa kashfa ya Escrow hadi bungeni. Hela ya mafuta ilipatikana. Kodi kwenye vifaa vya sola ndiyo walioing'ang'ania mpaka 2005. Kutoka 1986 mpaka 2005 ni miaka 19, kijana aliyezaliwa Kenya ilipofuta ushuru alikuwa keshamaliza sekondari kwa kibatari!

Watetezi wao watasema sola ilikuwa ghali kwa walalahoi. Mkulima wa Meru alikuwa tajiri? Alikuwa na kahawa. Ushetu tuna tumbaku na pamba. Kilichokosekana hapa ni duka la kuaminika na fundi aliyesoma. Umeme wa gridi nao ulijua pa kwenda: Bulyanhulu ilipofunguliwa 2001 ukaufuata mgodi, na vijiji vya Kahama vikabaki kutazama nyaya zikipita juu.

Nasema haya nikijua uchungu wake. Mzee wangu, baada ya malipo ya tumbaku, alinunua sola Kahama mjini. Kibandiko nyuma kilisema wati 50. Akauziwa na betri ya gari, na aliyemfungia alikuwa fundi redio wa kijiweni. Msimu haukuisha, betri ikafa. Nimekuja kujua sababu baadaye: betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ichajiwe palepale. Ukiinyonya usiku kucha kwa taa na redio kila siku, unaiua. Siku moja jirani mwenye mita akapima ile paneli saa sita mchana, jua la utosi. Haikufika hata nusu ya kibandiko. Simlaumu yule fundi redio, nani alimfundisha?

Leo wanatamba kuwa umeme umefika vijijini. Umefika kijijini, lakini si kila kitongoji, ndiyo maana serikali hiyohiyo ina mradi wa umeme wa vitongoji. Kabla hazijafika nguzo hizo, kijana wa Ulowa au Nyamilangano anunue nini, na afungiwe na nani? Mbunge na halmashauri watuambie ni vijana wangapi wa Ushetu wamesomeshwa ufundi sola kwa fedha za wilaya. Shirika la Viwango nalo litwambie mara ya mwisho lilipima lini paneli za maduka ya Kahama. Tunataka majibu yenye tarakimu, hotuba tumeshiba.

Ile sola ya mzee bado ipo. Ameilaza juu ya banda la kuku, inaziba tundu la mvua.