Kocha wa Maisha au Mtaalamu wa Akili? Ujue Mlango wa Kugonga

 

Siku hizi makocha wa maisha wamekuwa wengi mjini kama daladala. Kuna kocha wa ndoa, kocha wa uchumba, kocha wa kazi, hata wa kukufundisha kuamka mapema. Semina zinajaa, na wateja wengi ni sisi sisi tulioajiriwa, wenye mikopo na mashemeji.

Sisemi ni vibaya. Kwetu pwani bibi harusi ana somo wake, na kungwi hakusubiri cheti ndipo afundishe unyumba. Huu ukocha wa kisasa nao umetokea michezoni. Mwaka 1974 Timothy Gallwey, Mmarekani aliyekuwa akifundisha tenisi, alitoa kitabu akisema mpinzani mkubwa wa mchezaji yumo kichwani mwake mwenyewe. Makampuni yakaona mbinu zake zinafaa hata maofisini. Mwaka 1995 likaanzishwa shirikisho la kimataifa la makocha, ICF. Cheti chake cha ngazi ya kwanza kinadai mafunzo ya saa 60 na uzoefu wa saa 100 na wateja.

Sasa linganisha. Mwanasaikolojia tiba anasoma chuo kikuu miaka kadhaa, halafu anafanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuachiwa wagonjwa. Jirani zetu Kenya wana sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia tangu 2014, inayotaka wasajiliwe. Lakini kujiita kocha wa maisha? Hata Marekani, ulikoanzia mtindo huu, unaweza kuamka kesho ukajiita hivyo bila leseni.

Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Tuchukulie dada ana mtoto wa miezi 2. Halali hata mtoto akilala, analia ovyo, chakula hakipiti. Mumewe, kwa nia njema kabisa, anamlipia kocha. Kocha anampa malengo 5 ya wiki na kumwambia awe na fikra chanya. Wiki inaisha, hakuna hata moja lililotimia. Sasa juu ya ugonjwa, anajiona ameshindwa na umama. Jamani, huyo si mvivu! Hizo ni dalili za sonona baada ya kujifungua, na sonona ina tiba: mazungumzo na mtaalamu, na dawa inapobidi. Kila wiki inayopotea kwa kocha, mama anazidi kuzama na mtoto anaumia pia.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, uliza maswali haya:

1. Umesomea wapi, na nani anakusimamia?
2. Tatizo langu likikuzidi, utanipeleka kwa nani?
3. Siri zangu zitaishia wapi?

Kocha mzuri hakasiriki kuulizwa. Akikuahidi kutibu sonona kwa siku 7, beba pochi yako uondoke.

Kama uko mzima na unataka kusogea mbele, mfano kubadili kazi, kupanga bajeti na mwenzio au kujiandaa na cheo kipya, kocha atakufaa. Ila kama huzuni au kukosa hamu kumedumu wiki 2 au zaidi, usingizi umepotea, hofu inakukaba au umepitia ukatili, nenda hospitali. Ukianza kuwaza kufa, usisubiri miadi: nenda siku hiyohiyo, tena usiende peke yako. Hospitali kubwa kama Muhimbili zina idara ya magonjwa ya akili, na kuingia pale hakumaanishi wewe ni kichaa.

Na kwa nyie wapenzi: mwenzio akikwambia amechoka na maisha, usimtumie klipu ya kutia moyo halafu ukaendelea na mechi. Kaa naye, msikilize, kisha mwende wote.

Tukutane mwezi ujao!